Maneno ya Mzunguko wa Pili

Mbio za mita 800 huamuliwa baada ya kengele. Mzunguko wa kwanza, mwanariadha aliyefanya mazoezi huweza kuubeba kwa miguu tu. Baada ya hapo mapaja huwa mazito, pumzi hukatika, na kichwani hubaki neno moja: punguza. Septemba 1988 mjini Seoul, Paul Ereng, Mturkana aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Virginia na aliyehamia mbio hizo mwaka huohuo kutoka mita 400, aliachwa nyuma katika mzunguko wa kwanza wa fainali ya Olimpiki. Nixon Kiprotich aliongoza kwa kasi kubwa. Ereng hakumkimbilia. Alisubiri, akashika njia ya ndani, na katika mita za mwisho akawapita Joaquim Cruz na Said Aouita, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 43.45. Ni rahisi kuusimulia ushindi huo kama zao la jua na ukame: mtoto wa jamii ya wafugaji amezoea taabu, kwa hiyo hushinda. Lakini kilichoonekana uwanjani siku ile ni subira, na subira ya aina hiyo ni uamuzi unaofanywa wakati mwili unadai uamuzi mwingine. Ninashikilia kwamba uamuzi huo hufundishika kama inavyofundishika hatua ya kuanzia mbio, na kwamba shule za sekondari za Lodwar na Kakuma, huko Turkana, Kenya, ndizo mahali pa kuufundisha.

Ushahidi mzuri kuliko wote kwa Turkana umetoka nchi ya baridi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brock, Kanada, walichapisha jaribio walilolifanya kwa waendesha baiskeli 18, waliokanyaga pedali hadi kuishiwa nguvu ndani ya chumba chenye joto la nyuzi 35. Hilo ni joto la mchana wa kawaida Lodwar. Kisha kundi moja lilifundishwa kwa wiki mbili kujisemesha: kila mtu azitambue kauli za kukata tamaa zinazomjia, mfano “joto limezidi”, aandae kauli yake mwenyewe ya kuzijibu, kisha aifanyie mazoezi. Waliporudi chumbani, waliofundishwa walisogea kutoka dakika 8 hivi hadi dakika 11 hivi. Wenzao wasiofundishwa walibaki palepale. Mapafu hayakuongezeka, wala misuli. Mtafiti Samuele Marcora ameeleza kwa miaka mingi kwamba mtu huacha pale anapohisi juhudi anayodaiwa imeipita ile aliyo tayari kuitoa, na mara nyingi hisia hiyo humfikia kabla nguvu hazijaisha. Maneno hufanya kazi ndani ya nafasi hiyo. Ni kweli kwamba watu 18 ni wachache, tena walikuwa waendesha baiskeli wenye mazoezi, si wanafunzi wa kidato cha pili. Hata hivyo majaribio ya kujisemesha katika michezo mingine mingi yameelekea upande huohuo, na gharama ya kulijaribu hapa ni daftari na kalamu.

Sharti moja lililomo katika jaribio hilo hupuuzwa kwa urahisi: kauli ziwe za mwanamichezo mwenyewe. Kocha anayesimama kando ya kiwanja akipiga kelele “kaza moyo!” amempa mwanafunzi maneno ya kocha. Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu katika darasa moja anaweza kuketi mtoto anayeota kwa Kidinka, mwingine kwa Kinuer, mwingine kwa Kisomali, na pembeni yao Mturkana wa mjini. Katika mita 600 hakuna nafasi ya kutafsiri. Kauli inapaswa kuwa fupi, na iwe katika lugha ambayo mtoto huitumia akijikwaa gizani.

Jambo la pili la kufundisha ni namna ya kujiwekea shabaha, na hapa Kakuma ina mfano ulioonekana na dunia nzima. Timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki, Rio 2016, ilikuwa na wanamichezo kumi. Watano kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliopatikana katika majaribio yaliyofanywa Kakuma na wakfu wa mwanariadha Tegla Loroupe, kisha wakapelekwa Ngong kufanya mazoezi. Wote watano walitolewa katika raundi ya kwanza. Anayeipima safari hiyo kwa nafasi ataiita kushindwa. Lakini Rose Nathike Lokonyen, aliyebeba bendera ya timu hiyo, alikimbia mita 800 kwa dakika 2 na sekunde 16.64 Rio, na michezo ya Tokyo ilipofanyika mwaka 2021 akakimbia kwa dakika 2 na sekunde 11.87. Safari hiyo pia alitolewa mapema, ilhali alikuwa amepunguza karibu sekunde tano. Mwanafunzi anayepimwa kwa nafasi tu hujifunza jambo moja, kwamba wengine ni bora kuliko yeye, na hilo halimwambii afanye nini Jumatatu. Aliyeandika daftarini muda wake na namna alivyougawanya kati ya mizunguko miwili ana kazi mkononi.

Kuna pingamizi ambalo haliwezi kujibiwa kwa mkato: mtoto mwenye njaa anahitaji chakula, si kauli. Hilo ni sahihi. Posho ya chakula kambini imepunguzwa mara kwa mara, na ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 uliimaliza mifugo ya familia nyingi za Turkana. Mwalimu anayefundisha ujasiri badala ya kudai uji wa asubuhi anamhadaa mtoto. Hata penye chakula, hatari haiishi: mkimbiaji aliyedumu dakika tatu zaidi katika nyuzi 35 amezalisha pia joto la dakika tatu zaidi mwilini. Kwa hiyo somo la kwanza la kujisemesha katika nchi hii linapaswa kuwa la kutofautisha. Kuna sauti inayosema “nimechoka”, ambayo hujibiwa. Kuna kizunguzungu, ngozi kusisimka na macho kuona giza. Dalili hizo hazijibiwi, mtu husimama, hutafuta kivuli na maji. Mwalimu asiye tayari kufundisha hili la pili asianze na lile la kwanza.

Wapo pia wanaosema taabu yenyewe ni mwalimu tosha. Ninaiheshimu hoja hiyo kwa sababu inawaheshimu watoto hawa, lakini inachanganya mambo mawili. Taabu hufundisha kuvumilia kisichoepukika. Michezo hudai kuchagua, kwa utulivu, mbele ya watu wanaotazama. Mwanasoka Awer Mabil alizaliwa Kakuma mwaka 1995 na kuhamia Australia akiwa mtoto wa miaka kumi hivi. Juni 2022, nchini Qatar, alifunga penalti ya mwisho ya Australia dhidi ya Peru, kipa wa Australia akaokoa iliyofuata, na timu yake ikaenda Kombe la Dunia. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, ameonyesha kwamba wapigaji wanaoharakisha mara filimbi inapolia, kana kwamba wanataka shida iishe, hukosa zaidi. Kutulia mbele ya mpira hakuletwi na kutembea mbali kutafuta maji. Huletwa na kurudia utaratibu uleule mamia ya mara: weka mpira, rudi hatua zako, vuta pumzi, piga.

Na kwa mtoto aliyeona vita, mwalimu wa michezo asijifanye mganga. Anayeamka usiku akipiga kelele apelekwe kwa mshauri nasaha. Kauli ya mita 600 haikutengenezwa kwa ajili yake.

Mtaala mpya wa Kenya una mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo katika sekondari ya juu, kwa hiyo nafasi ipo kwenye ratiba, si pembezoni tu. Lakini kazi yenyewe ni ndogo kuliko jina la mkondo. Alfajiri, kabla jua halijapanda, wanafunzi wakimbie mita 300 mara nne. Baada ya kila moja mwalimu asome saa, aandike, kisha aulize swali ambalo ni nadra kuulizwa: “Ulipofika mita 200 ulijiambia nini?” Mara ya kwanza wengi watasema “hakuna”. Aulize tena wiki ijayo.