Wafiadini wa Mombasa na maana ya kuiacha dunia

Wageni na wanafunzi wanaozuru Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 kwenye mlango wa bandari ya Kisiwa cha Mombasa, hutazama mizinga na kuta nene, kisha hushika njia ya Ndia Kuu na kupotelea katika vichochoro vya Mji wa Kale. Ni wachache wanaofahamu kwamba mnamo Agosti 1631, katika eneo hilo hilo, swali ambalo Wakristo hulisikia mimbarini mara kwa mara liliulizwa kwa ncha ya upanga: Je, muumini yu tayari kuacha nini kwa ajili ya imani yake?

Mafundisho ya Kikristo kuhusu jambo hili yana mizizi katika Injili. Marko, katika sura ya nane, anaeleza jinsi Yesu alivyowataka wafuasi wake wajikane nafsi na kujitwika msalaba. Mathayo naye, katika sura ya 19, anasimulia habari za kijana tajiri aliyezishika amri zote, lakini akaondoka kwa huzuni alipoambiwa auze mali yake na kuwapa maskini. Kosa la kijana huyo halikuwa kumiliki mali. Tatizo ni kwamba mali ilikuwa imemmiliki yeye.

Wapo Wakristo ambao huitikia mwito huo kwa kuweka nadhiri za ufukara, useja na utii. Miongoni mwao ni watawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino, ambao walifungua nyumba yao Mombasa mwaka 1597. Mtawa wa shirika hilo hana mali yake binafsi. Alicho nacho ni cha jumuiya nzima.

Hata hivyo, imani waliyoihubiri watawa hao ilifika pwani ikiwa imefungamana na mamlaka ya Wareno, waliotawala bahari kwa mizinga na kudai ushuru kwa majahazi. Anayeudhihirisha mkanganyiko huo kuliko mwingine yeyote ni Yusuf bin Hasan.

Baba yake, Sultani Hasan, aligombana na mkuu wa ngome na hatimaye akauawa mwaka 1614, Wareno wenyewe wakiwa na mkono katika kifo hicho. Yusuf, aliyekuwa bado mtoto mdogo, alipelekwa Goa nchini India akalelewa na Waaugustino. Alibatizwa kwa jina la Jerónimo, akatumikia katika merikebu za Wareno na kuoa mke Mkristo. Mwaka 1626 alirejeshwa Mombasa akiwa mfalme, Dom Jerónimo Chingulia.

Kwa mfalme huyo, ubatizo na kiti cha enzi vilikuja pamoja. Lakini kiti chenyewe hakikuwa na heshima. Maofisa wa Kireno walimdharau, ilhali wenyeji walimtilia shaka. Inasimuliwa kwamba alionekana akisali kwa desturi ya Kiislamu kwenye kaburi la baba yake, na habari hizo zikamfikia mkuu wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa. Yusuf akatambua kwamba huenda akapelekwa Goa kuhukumiwa.

Katikati ya Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua Leitão de Gamboa na kuitwaa ngome. Alitangaza kwamba amerudi katika dini ya baba zake. Wakristo wengi walikimbilia nyumba ya watawa, wakatakiwa kuikana imani yao ama wafe. Katika siku chache zilizofuata waliuawa watu wapatao 300, wakiwemo Wareno, Wahindi wa Goa na Waafrika, wanaume kwa wanawake.

Ni vyema kuyatazama mauaji hayo kwa uadilifu. Yusuf alikuwa na kisasi cha haki kwa damu ya baba yake, na ghadhabu yake ilizaliwa na dhuluma ya watawala wa kigeni. Kwa hivyo, kuyaita mauaji hayo vita vya Waislamu na Wakristo ni kuyarahisisha kupita kiasi.

Jambo la kuzingatia ni msimamo wa waliouawa, hususan Waafrika. Mreno alikuwa na dola nyuma yake. Mwafrika aliyebatizwa hakuwa na merikebu ya kumwokoa wala cheo cha kutetea, na angeweza kurudi kwa jamaa zake kwa neno moja tu. Miongoni mwao alikuwamo Dom António wa Malindi, jamaa ya mfalme mwenyewe, aliyekataa kulitamka neno hilo na akauawa. Kanisa lilifanya uchunguzi huko Goa, na walionusurika wakatoa ushahidi wao.

Wareno walishindwa kuikomboa ngome kwa nguvu mapema mwaka 1632, lakini Yusuf aliihama Mombasa mwaka huo huo. Alitangatanga baharini hadi alipofariki mwaka 1638. Ufalme aliopewa pamoja na imani ulimponyoka, sawa na imani yenyewe.

Kisa hiki kina uzito mpya kwa msomaji wa leo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilibainika kwamba waumini walikuwa wameacha kazi na kuwaondoa watoto wao shuleni, kisha wakafunga kula hadi kufa kwa matumaini ya kukutana na Yesu. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa. Watu hao nao waliambiwa kwamba wanaiacha dunia.

Tofauti iko wapi? Kwanza, wafiadini wa mwaka 1631 hawakukitafuta kifo. Walitafuta hifadhi, na kifo kikawafuata. Mapokeo ya Kanisa tangu karne za mwanzo hayamsifu anayejitakia mauti. Pili, walichokikataa kilikuwa amri ya binadamu mwenye nguvu juu ya dhamiri yao, ilhali wa Shakahola walitakiwa kusalimisha dhamiri hiyo hiyo mikononi mwa binadamu mwingine. Tatu, kijana tajiri aliambiwa awape maskini. Kujinyima katika Injili kuna mwenye kufaidika, naye ni jirani mwenye shida. Panapokuwa hakuna jirani anayesaidiwa, au anayefaidika ni mhubiri peke yake, au mtoto ndiye anayelazwa na njaa, hapo muumini ana kila sababu ya kuuliza maswali.

Kwa Wakristo walio wengi, mtihani hautakuja kwa upanga. Utakuja katika hongo inayokataliwa ofisini, katika mshahara unaogawanywa na yatima wa ukoo, na katika cheo kinachoachwa kwa sababu bei yake ni uongo. Mambo hayo hayaandikiwi vitabu vya historia, lakini swali linaloulizwa ni lile lile lililomkabili Dom António: kipi kinammiliki mwenziwe, mtu au mali?