Wikiendi ya baridi Ufipa: cha kuvaa, pa kwenda na la kutafakari

Msikilizaji wetu, kama uko Majengo asubuhi hizi huhitaji kuambiwa kwamba msimu umebadilika. Dereva wa bodaboda amevaa jaketi nyuma mbele ili upepo usimwingie kifuani. Mama wa maandazi amejifunga shuka juu ya sweta. Watoto wakiongea, mvuke unawatoka mdomoni. Na kila Ijumaa tunapokea swali lile lile: kwa baridi hii, wikiendi tufanye nini zaidi ya kujifungia ndani?

Yapo ya kufanya, na mengi hayahitaji pesa nyingi. Tuanze na baridi yenyewe.

Kwa nini kwetu ni baridi

Mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda juu, hewa inapoa. Kwa makadirio, kila mita 1,000 hupunguza nyuzi joto 6 hivi. Kuanzia Juni hadi Agosti yanaongezeka mambo mawili: upepo mkavu wa kutoka kusini mashariki, na anga lisilo na mawingu. Mawingu ya usiku ni kama blanketi. Yasipokuwepo, joto ambalo ardhi ililipata mchana linapotea lote. Ndiyo maana alfajiri joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na saa nane mchana ukawa unatafuta kivuli.

Tena uwanda wetu umekaa kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki, na yote mawili yako chini yetu kwa karibu mita 1,000. Ukishuka Kasanga, umelifuata joto. Siku moja, hali ya hewa mbili. Mavazi yako yapange kwa kuzingatia hilo.

Nguo tatu nyepesi kuliko koti moja zito

Kinachokupa joto zaidi ni hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo. Kwa hiyo vaa fulana inayobana mwili, juu yake shati au sweta, na nje jaketi la kuzuia upepo. Jua likiwaka unavua moja moja. Mwenzetu mmoja hapa studio aliwahi kwenda ziwani na koti zito juu ya fulana tu. Mchana alilibeba begani huku jasho likimtiririka. Jioni alirudi na fulana iliyolowa, akatetemeka njia nzima kuanzia Matai. Nguo yenye jasho inakunyang'anya joto, basi beba fulana ya pili.

Kwenye mitumba, usitazame rangi peke yake. Jaribu zipu, angalia viwiko na pindo za mikono, kisha nyanyua nguo kwenye mwanga uone kama imelika. Mzula na soksi nzito bei yake ni ndogo na faida yake ni kubwa. Kina mama, kitenge kinapendeza vilevile juu ya sweta jembamba lenye rangi moja, na shali nzuri inatosha kukutoa kanisani hadi harusini. Usisahau mafuta ya mgando: upepo huu mkavu unapasua midomo na visigino.

Jiko la mkaa libaki nje

Hapa tunaomba usikilize kwa makini. Wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga dirisha na kulala. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na ukishaivuta inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na aliyelala hazijui. Makaa yasiyotoa moshi bado yanatoa sumu hiyo. Ukihisi dalili, toka nje mara moja, watoe na wengine, kisha nendeni hospitali. Ili chumba kipate joto, blanketi la pili na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa vinatosha.

Pa kwenda

Kama mfuko ni mwepesi, tembea kuelekea milima ya Mbizi, mashariki ya mji. Ondoka jua likishachomoza, beba maji na chupa ya uji wa ulezi. Msitu wenyewe ni hifadhi, kwa hiyo omba kibali kabla ya kuingia, na usiwashe moto: majani ni makavu.

Kama mmechangishana nauli, chukueni barabara ya Kasanga kupitia Matai, kilomita zipatazo 110. Huko mtapata joto, ziwa, na migebuka iliyochomwa mkaa ukiwa nje, mahali pake.

Njia ya tatu ni maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia. Maji yanaanguka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 200. Shikeni watoto mikono, na ulizeni kiingilio mapema.

Kando ya mto huo, juu ya maporomoko upande wa Zambia, watafiti walikuta magogo mawili yaliyochongwa ili lile la juu lishikane na la chini. Mwaka 2023 walitangaza kwamba yana umri wa angalau miaka 476,000. Watu wa kale kiasi hicho walikata, wakapima na kuunganisha, maana yake waliwaza zaidi ya mlo wa siku ile.

Jumapili jioni, kaeni mhesabu

Nasi tuwaze hivyo. Msimu huu mahindi yako nyumbani na wanunuzi wako mlangoni. Ndio wakati wengi wetu tunauza kwa bei ya chini, halafu Januari tunanunua mahindi yale yale kwa bei ya juu. Kabla ya kuuza, kaeni baba, mama na watoto wakubwa, mchukue daftari. Kama nyumba yenu inakula kilo 2 za mahindi kwa siku, kwa mwaka ni kilo 730, yaani magunia 7 ya kilo 100 na kilo 30 juu. Hapo bado wageni na misiba. Hayo yawekeni pembeni kwanza. Yanayobaki ndiyo ya kuuza, na katika pesa yake tengeni ya mbegu, mbolea na ada.

Kisha kila mmoja aseme jambo moja alilolifanya vizuri tangu Januari, na moja analotaka kulirekebisha. Watoto waanze. Mara nyingi wao ndio wanaosema ambalo sisi wakubwa tunalizunguka.

Tutumieni ujumbe mtuambie mlikwenda wapi na daftari lenu lilisema nini. Jumatatu asubuhi tutausoma hewani. Wikiendi njema, na jiko libaki nje.