Wünsdorf: Kambi Iliyohifadhi Sauti za Mateka

Watalii wanaofika Wünsdorf, kama kilomita 40 kusini mwa Berlin, hupelekwa moja kwa moja kwenye mahandaki. Huonyeshwa majengo ya zege ya Maybach, yaliyoezekwa na kuwekewa mabomba bandia ya moshi ili rubani wa adui adhani ni nyumba za wanakijiji. Humo ndimo yalimokuwa makao makuu ya jeshi la nchi kavu la Hitler. Kisha husimuliwa habari za Wasovieti, waliopafanya makao makuu ya majeshi yao nchini Ujerumani mpaka walipoondoka mwaka 1994. Vita Kuu ya Kwanza hutajwa kwa sentensi moja, kundi likasonga mbele. Inaniudhi, kwa sababu jambo la ajabu kuliko yote yaliyotokea hapo lilitokea katika vita hiyo.

Novemba 1914 dola ya Kituruki, mshirika wa Ujerumani, ilitangaza jihadi dhidi ya Uingereza, Ufaransa na Urusi. Mwanadiplomasia Max von Oppenheim alikwisha kuishauri serikali ya Berlin iwachochee Waislamu walio chini ya mataifa hayo waasi. Mateka waliokuwa wakikamatwa vitani wakawa mahali pa kuanzia. Wünsdorf ikajengwa Halbmondlager, yaani Kambi ya Hilali, iliyochukua kati ya watu 4,000 na 5,000: Waarabu wa Afrika Kaskazini, Waafrika wa Magharibi, Wahindi wa dini mbalimbali. Jirani yake palikuwa na kambi nyingine kubwa zaidi ya Waislamu wa Urusi, wengi wao Watatari. Walichapishiwa magazeti kwa lugha zao, wakaletewa maimamu, na tarehe 13 Julai 1915, Ramadhani ikianza, wakafunguliwa msikiti wa mbao wenye kuba na mnara wa mita 23. Huo ndio msikiti wa kwanza kujengwa Ujerumani kwa ajili ya ibada.

Msomaji wa Tanzania asidanganyike na ukarimu huo. Dola hiyohiyo ya Ujerumani ilikuwa imetoka kuizima Maji Maji kwa risasi na njaa. Mwaka 1913, miaka miwili tu kabla ya msikiti wa Wünsdorf, Gavana Heinrich Schnee wa Dar es Salaam aliwaandikia maofisa wake wa wilaya akitaka ushauri wa namna ya kuzuia Uislamu usienee. Kilichozuiwa huku kilijengewa kuba kule, kwa kuwa kule kilihitajika vitani. Hata hivyo mateka hawakuwa wajinga. Walioandikishwa kwenda kupigana upande wa Waturuki walikuwa sehemu ndogo, na Wahindi kati yao hawakufika hata mia.

Mpango wa jihadi ukafifia. Kilichobaki ni kazi ya watu wengine kabisa, waliokuja na mashine.

Mwaka 1915 iliundwa Tume ya Kifalme ya Prussia ya Fonografia, mwenyekiti wake akiwa mwanasaikolojia Carl Stumpf na mtendaji wake mwalimu wa lugha, Wilhelm Doegen. Doegen alitaka kukusanya sauti za mataifa yote ya dunia, na vita ilikuwa imemletea wasemaji hadi mlangoni, nyuma ya seng'enge. Hadi mwisho wa 1918 tume ilikuwa imepita kambi kama 30 na kurekodi santuri zipatazo 1,650 katika lugha na lahaja takriban 250. Mwanamuziki Georg Schünemann aliongeza nyimbo na muziki katika silinda za nta zaidi ya 1,000.

Namna yenyewe ya kurekodi inastahili kutazamwa kwa karibu. Maikrofoni haikutumika, wala umeme haukukuza sauti. Msemaji alisimama mbele ya pembe kubwa ya bati, mdomo ukiwa karibu kabisa na tundu lake. Nguvu ya sauti yake peke yake ndiyo iliyotikisa utando mwembamba mwishoni mwa pembe, utando ukatikisa sindano, sindano ikachimba mfereji kwenye bamba la nta linalozunguka. Akigeuza shingo kidogo, sauti imepotea. Akikosea neno, nta haifutiki. Kwa hiyo maneno yaliandikwa kwanza, yakafanyiwa mazoezi, kisha yakasemwa kwa dakika chache tu, maana bamba halikuwa na nafasi zaidi. Nta ilipakwa shaba kiwandani ili kupata kalibu, na kalibu ikapiga santuri ngumu. Kila msemaji alijaziwa fomu: jina, mahali alipozaliwa, kazi, dini, lugha anazozijua, na hata maoni ya wataalamu kuhusu sauti yake.

Silinda zilikuwa na ujanja wao. Mashine iliendeshwa kwa springi, na kasi yake haikuaminika. Kwa hiyo hifadhi ya silinda hizo huko Berlin ilikuwa na desturi ya kupiga kipenga chenye sauti inayojulikana mwanzoni mwa kurekodi. Anayesikiliza leo hurekebisha kasi mpaka kipenga kilie sawasawa. Hapo wimbo wa mtu nao hurudia kimo chake halisi.

Walisema nini? Waingereza wengi waliambiwa wasome mfano wa mwana mpotevu, kila mmoja kwa lahaja yake, ili wataalamu walinganishe matamshi. Wengine walihesabu namba, wakatoa hadithi, wakaimba. Tarehe 11 Desemba 1916 Mall Singh, askari kutoka Punjab, alisimama mbele ya pembe. Alisimulia habari za mtu mmoja aliyekuwa akila siagi kwao Hindustani, akaingia jeshi la Waingereza, akaja kwenye vita vya Ulaya, akatekwa na Wajerumani. Mtu huyo anataka kurudi kwao; akikaa miaka miwili zaidi, atakufa. Alijisema mwenyewe kana kwamba anamsema mwingine, mbele ya watu waliotaka matamshi yake tu.

Hapo ndipo penye kosa linalonichoma. Santuri hiyo iliandikwa kwa jina la lugha na kuwekwa rafu ya lugha. Kwa miongo mingi wataalamu walisikiliza irabu, na kilio kilichokuwa ndani yake hakikupata msikilizaji. Filamu ya Philip Scheffner, *The Halfmoon Files*, ya mwaka 2007, ilisaidia sana kuirudisha sauti hiyo masikioni mwa watu.

Mengine hayakutunzwa hata hivyo. Msikiti wa mbao ulitumiwa na Waislamu wa Berlin baada ya vita, lakini haukukarabatiwa, na katikati ya miaka ya 1920 ukabomolewa kwa kuwa ulikaribia kuanguka. Limebaki jina la mtaa, Moscheestraße. Mwaka 2015 wanaakiolojia walichimba eneo hilo kwa haraka, kabla ya kuwekwa makazi ya wakimbizi. Mateka waliokufa, wengi kwa kifua kikuu, walizikwa Zehrensdorf, karibu na hapo. Wahindi pekee ni 206. Katika enzi za Wasovieti makaburi hayo yalikuwa ndani ya uwanja wa mazoezi ya kijeshi, yakamezwa na magugu. Yalikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2005.

Leo santuri hizo ni za Lautarchiv, yaani hifadhi ya sauti, ya Chuo Kikuu cha Humboldt. Hutumika kuchunguza lahaja, kufufua nyimbo zilizosahaulika, kutengeneza filamu na maonyesho. Nakala za Waingereza zilipelekwa British Library mwaka 2008. Waingereza wamepata zao, na ni haki yao. Nakala za Wapunjabi, Wawolofu, Watatari na Waarabu zipelekwe nazo kwenye redio, vyuo na vijiji vyao, pamoja na zile fomu zenye majina ya watu na mahali walipozaliwa. Huko ndiko waliko wajukuu, na huko ndiko watakaoelewa kila neno bila mkalimani.