Sayansi ya Tabia na Mazoea ya Kuhoji

Wengi hudhani kwamba anayesomea shahada ya kwanza ya sayansi ya tabia hukaa chuo kikuu akikariri majina ya wataalamu na nadharia zao. Dhana hiyo ina ukweli kidogo tu. Mwanafunzi huyo hufundishwa, naam, jinsi watu wanavyojifunza, wanavyokumbuka na wanavyohusiana. Lakini sambamba na hayo hufundishwa njia za utafiti na takwimu, na aghalabu hutakiwa kufanya utafiti wake mwenyewe kabla ya kuhitimu. Hivyo hujengewa mazoea ya kuuliza maswali mawili kila aelezwapo jambo: Tumelijuaje? Je, hakuna maelezo mengine? Katika makala haya twapenda kuonyesha, kwa mfano mmoja, jinsi mazoea hayo yanavyojengwa, na kwa nini mwalimu wa shule ya msingi hana budi kuwa nayo hata kama hana shahada.

Mfano wa safu mbili

Jina la Jean Piaget wa Uswisi (1896–1980) si geni kwa walimu. Katika mojawapo ya majaribio yake, mtoto huonyeshwa safu mbili za vitu vilivyo sawa kwa idadi, tuseme vifuniko sita vya chupa juu na sita chini, vikielekeana kimoja kwa kimoja. Huulizwa kama safu hizo ni sawa, naye hukubali. Kisha mtu mzima huitanua safu moja, asiongeze wala asipunguze kitu, na kuuliza tena swali lile lile. Watoto wengi wasiotimiza miaka 6 au 7 hujibu kwamba safu ndefu ina vingi zaidi. Piaget alikata shauri kwamba mtoto wa umri huo hajatambua kuwa idadi haibadiliki kwa kubadili mpangilio.

Anayesoma ili ajibu mtihani huishia hapo. Mwanafunzi wa sayansi ya tabia hutakiwa kuendelea: je, mtoto mwenyewe alilielewaje tukio lile? Mtu mzima amevigusa vifuniko makusudi, kisha amerudia swali. Mtoto aweza kufikiri kuwa kuna jambo lililobadilika, au kwamba jibu lake la kwanza halikumridhisha mkubwa.

Katikati ya miaka ya 1970, James McGarrigle na Margaret Donaldson waliijaribu fikra hiyo huko Scotland. Badala ya mtu mzima, alikuwa dubu wa kuchezea, mwenye sifa ya utundu, aliyekuja kuivuruga safu. Idadi ya watoto waliojibu sawasawa iliongezeka sana.

Hata hapo haifai kufunga kitabu. Mwaka 1986, Chris Moore na Douglas Frye waliuliza kama dubu aliwasaidia watoto kufikiri, au aliwavuta macho tu wasiiangalie safu. Waliona kwamba pale idadi ilipobadilika kweli, utundu wa dubu uliwapotosha watoto. Tukumbuke basi kwamba hoja inayotupendeza nayo yastahili kupimwa. Kwa kupita hatua hizi, mwanafunzi hupata maarifa ya ukuaji wa mtoto, na papo hapo hujua maarifa hayo yamesimama juu ya nini.

Matumizi darasani

Tuchukue mwanafunzi wa Darasa la II aliyeulizwa saba na tano ni ngapi. Amejibu kumi na mbili. Mwalimu akauliza, "Una hakika?" Mtoto akasita, akasema kumi na tatu. Mwalimu mwepesi wa kuhukumu ataandika kwamba mtoto huyu hajui kujumlisha. Lakini yawezekana anajua, ila amezoea kwamba swali likirudiwa jibu limekosewa. Ili kupambanua, twashauri haya:

(a) Uliza "Umepataje?" kwa majibu sahihi na yasiyo sahihi vilevile, ili swali hilo lisiwe dalili ya kosa.

(b) Pima jambo moja kwa njia zaidi ya moja: kwa mdomo, kwa maandishi, kwa kuhesabu vijiti.

(c) Andika kwanza ulichokiona na kukisikia, kisha maoni yako mbali. "Alibadili jibu baada ya kuulizwa tena" ni jambo lililoonekana. "Ni mzito" ni hukumu.

(d) Tafuta kwa bidii ushahidi unaopinga hukumu yako.

Jambo hili si dogo. Mtoto aliyeitwa mzito akiwa na miaka minane huenda akaulizwa maswali machache na kuketishwa nyuma, hata akaanza kuliamini jina alilopewa. Mwalimu anayejiuliza amelijuaje jambo kabla ya kuliandika katika ripoti humwepusha mtoto na dhuluma hiyo. Kazi hiyo yaweza kuanza katika mazoezi yenu ya kufundisha, kwa daftari moja na mtoto mmoja.