Mfundishe Mtoto Maumbo kwa Kamba na Magunzi

Msimu mmoja kijana wa kijiji ninachofanyia kazi alikodi shamba la mahindi. Mwenye shamba alimwambia kuwa ni ekari moja. Alimweleza hivi: ekari moja ni hatua 70 kwa hatua 70. Kwa hiyo ukiizunguka mipakani unapata hatua 280. Wakalizunguka shamba pamoja, wakahesabu. Hatua 280 zikatimia. Kijana akalipa fedha.

Wakati wa kupanda mbegu zilibaki. Mbolea pia ilibaki. Kijana akaniita nikaone. Nilikuta shamba refu na jembamba kama mkanda. Urefu wake ulikuwa hatua 120, na upana hatua 20. Ukilizunguka ni hatua 280, ni kweli. Lakini 70 mara 70 ni 4,900, na 120 mara 20 ni 2,400 tu. Kijana alilipia ekari nzima, akapata pungufu ya nusu. Mwenye shamba hakurudisha hata senti. Alisema, "Si tulihesabu wote wawili?"

Kijana huyo alimaliza darasa la saba. Ukimwuliza mraba ni nini, anajibu. Jina alilishika, lakini umbo lenyewe hakulizoea.

Mimi ni bwana shamba, si mwalimu. Lakini najua kuwa mtoto huanza kuyazoea maumbo nyumbani, kabla hajakwenda shule. Wewe uliyejifunza kusoma juzi unaweza kumfundisha. Huhitaji chaki wala ubao.

Anza na vitu vya nyumbani mtoto akiwa na miaka mitatu au minne. Mpe ungo. Apitishe kidole ukingoni, azunguke mpaka arudi alipoanzia. Hakutana na kona. Mwambie, "Hili ni duara." Atafute duara jingine. Ataleta kifuniko cha sufuria, au atakuonyesha mdomo wa ndoo. Akileta chungwa usicheke. Likate katikati, umwonyeshe duara pale ulipopita kisu.

Kisha tandaza kanga. Ina kona nne. Pande mbili ni ndefu na mbili ni fupi. Huo ni mstatili. Mlango nao ni mstatili. Kama pande zote nne ni sawa na kona zake ni kama za kanga, huo ni mraba. Chukua kitambaa cha mraba, ukikunje kona kwa kona. Umepata pembetatu. Mtoto ahesabu kona zake mwenyewe: moja, mbili, tatu.

Hapa mimi nilikosea kwa binti yangu wa kwanza. Kila siku nilimchorea mraba mchangani, na kila siku ulikaa namna moja, umelala sawasawa. Siku moja nikauchora umesimama kwa kona yake. Akasema, "Baba, huo si mraba." Nilimwambia auzunguke, aje asimame upande wa pili. Akazunguka, akainamisha kichwa, akacheka. Basi, usichore namna moja tu. Chora pembetatu nene na nyembamba, na nyingine inayotazama chini. Mtoto ahesabu kona, asiangalie sura tu.

Fito nazo zinafundisha. Funga fito tatu kwa kamba ziwe pembetatu. Mwambie mtoto asukume. Haipindi. Sasa funga fito nne ziwe mraba, asukume tena. Mraba unalala upande. Ongeza ufito mmoja wa mshazari, kutoka kona hadi kona. Umetulia. Mpeleke akaone lango la zizi lenye ubao wa mshazari, umwulize fundi aliuweka wa nini. Watoto hupenda sana swali hili.

Mchezo wa kamba

Mchezo huu ndio ningependa ujaribu leo jioni. Chukua kamba ndefu, funga ncha zake mbili pamoja. Watoto wanne washike kona na kuivuta iwe mraba, kisha wailaze chini. Wajaze magunzi ndani, yakae karibu karibu, yasipandane. Wahesabu.

Halafu waivute kamba ile ile iwe ndefu na nyembamba. Wajaze magunzi yale yale. Mengi yatakosa nafasi. Watoto watabishana. Mmoja atasema kamba imepungua. Waache waipime wenyewe.

Mwisho waifanye duara. Magunzi yote yataingia, na nafasi itabaki. Ndiyo sababu kihenge cha duara hula fito chache na kubeba nafaka nyingi. Wazee wetu waliojenga nyumba za msonge walilijua jambo hili.

Wewe mzazi unaweza kupiga hesabu. Kamba ya mita 12 ikiwa mraba, kila upande ni mita 3, na ndani unapata mita za mraba 9. Ikiwa mstatili wa mita 5 kwa mita 1, unapata 5 tu. Ikiwa duara, unapata zaidi ya 11. Kamba ni ile ile. Mtoto wa miaka minne usimsumbue kwa hesabu hii. Kwake magunzi yanatosha. Akifika darasa la nne au la tano, mkumbushe mchezo wake, umpe na hesabu.

Jambo moja la hadhari. Watoto wasivishane kamba shingoni, wala wasiachwe nayo peke yao. Mchezo ukiisha, itundike juu wasipoifikia. Magunzi yarudi jikoni.