Nyoka wa Njuga au wa Kayamba? Mkia Unaolia na Tatizo la Jina

Mfasiri wa Kiswahili anayekutana kitabuni na nyoka wa Amerika aliaye kwa mkia hupata shida ya jina. Nyoka huyo hapatikani Afrika. Makao yake huanzia kusini mwa Kanada hadi Ajentina. Kifutu wa Afrika Mashariki ni wa ukoo mmoja naye, ila yeye huonya kwa kuvuma pumzi.

Jina lijalo upesi kinywani ni nyoka-njuga. Ni jina tamu, lakini lapotosha. Ndani ya njuga mna kipande kigumu kinachogongagonga, ilhali mkia wa nyoka huyu hauna kitu ndani. Una pingili tupu za keratini, dutu iyo hiyo ya kucha za binadamu, zilizopachikana kwa kulegea. Misuli ya mkia huzitikisa zaidi ya mara 50 kwa sekunde, nazo hugongana zenyewe kwa zenyewe. Mtoto huzaliwa (naam, huzaliwa, kwani mama hatagi mayai) akiwa na kifundo kimoja tu, na kimoja hakilii. Kila ajivuapo gamba huongeza pingili. Wanaohesabu pingili ili kujua umri wake hukosea: hujivua zaidi ya mara moja kwa mwaka, na pingili za mwisho hukatika.

Mlio wenyewe una hila. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa adui akikaribia, kasi ya mtikiso hupanda taratibu, kisha huruka ghafla, hata msikilizaji akadhani nyoka yu karibu kuliko alivyo.

Linnaeus, katika uainishaji wake wa mwaka 1758, alichagua Crotalus, kutokana na neno la Kigiriki la ala ya vipande viwili vinavyogonganishwa mkononi. Alilenga tendo lenyewe. Kwa kigezo hicho Kiswahili kingeteua matoazi. Lakini matoazi ni ya shaba, na mlio wa shaba haufanani hata kidogo na mchakacho huo mkavu. Kayamba ndiyo inayoukaribia. Kweli, kayamba ina mbegu ndani, kosa lile lile la njuga. Hata hivyo, aliyewahi kuisikia ngomani atamtambua nyoka huyu kabla ya kumwona, na hilo ndilo analolitaka msimulizi wa hadithi. Nyoka-kayamba, basi, pamoja na tanbihi fupi kwamba mkiani hamna mbegu. Tanbihi ya pili itahitajika kwa spishi ya kisiwa cha Santa Catalina, Meksiko, ambayo pingili zake hudondoka kila ijivuapo gamba: kayamba isiyolia kamwe.