Lubumbashi: Deni la peaji kwenye simu ni mtego

Ujumbe unasema una deni la peaji, unatisha kwa faini, kisha unaomba ubofye kiungo ulipe. Nchini Marekani, FBI ilionya juu ya utapeli huo Aprili 2024, baada ya malalamiko zaidi ya 2.000.

Dereva wa Lubumbashi anaweza kuutambua upesi. Kwenye barabara ya Kasumbalesa, peaji hulipwa kizuizini kabla ya gari kupita, na risiti hutolewa hapo hapo. Aliyepita amekwisha kulipa: deni linatoka wapi?

Wezi hutafuta namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Ukiitoa, pesa imekwenda. Usibofye, usijibu. Mwenye shaka aulize kizuizini.